Rimu na Matairi ya Gari la Spoti Katika Uwanda wa Ufipa

Ubavuni mwa kila tairi la gari pameandikwa herufi na tarakimu ambazo wenye magari wengi huzipita bila kuzisoma. Kwa lori linalobeba mahindi kutoka Laela, hasara ya kutozisoma huonekana pole pole: tairi hulika upande mmoja, mafuta huzidi kidogo. Kwa gari la spoti, yaani gari dogo, la chini, lenye injini ya nguvu na breki kali, hasara hiyo huweza kuonekana mara moja tu, na mahali penyewe huweza kuwa mteremko wa Lyamba lya Mfipa.

Magari ya namna hiyo hufika Sumbawanga kwa njia ile ile ambayo hufika miji mingine ya Tanzania. Yametumika Japani kwa miaka kadhaa, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, kisha yakaendeshwa zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma. Tangu barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilipowekwa lami katika miaka ya 2010, kwa fedha za mkataba ambao Tanzania na Marekani zilitia sahihi mwaka 2008, safari hiyo yote huwezekana bila tairi kugusa vumbi. Matatizo huanza baadaye, pale matairi yaliyokuja na gari yanapokuwa vipara na mwenye gari analazimika kuchagua mengine. Maana Ufipa si lami peke yake. Uwanda wenyewe uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja huporomoka hadi Ziwa Tanganyika, na upande wa pili hadi bonde la Ziwa Rukwa, ambako Muze, Mtowisa na Ilemba ziko karibu mita 1,000 chini ya mji.

Makala haya yanachukua mfano wa gari moja lijulikanalo sana, Subaru Impreza WRX la mwishoni mwa miaka ya 1990. Gari la jina hilo lilishinda mashindano ya Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 likiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 likiendeshwa na Richard Burns. Wengi huuchukua ushindi huo kuwa ushahidi kwamba Impreza yoyote huweza kupita njia yoyote. Husahau kutazama magurudumu. Magari ya mashindano yaliyokimbia katika vumbi na mawe yalivishwa rimu ndogo na matairi yenye mbavu ndefu. Rimu kubwa na tairi jembamba la ubavu viliwekwa kwa ajili ya mashindano ya lami. Wahandisi wa kiwanda walichagua gurudumu kwa kuitazama njia, na mwenye gari wa Sumbawanga hana sababu ya kufanya vingine.

Maandishi ya ubavuni

Tairi la asili la gari hilo limeandikwa 205/50R16 87V. Tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 50 ya upana, yaani milimita 102.5. Herufi R huonyesha kwamba nyuzi za ndani ya tairi zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, wala hazikukatizana mshazari kama katika matairi ya kizamani. Kisha hufuata 16, kipenyo cha rimu kwa inchi, ambacho ni sawa na milimita 406. (Kuchanganya milimita na inchi katika jina moja ni jambo la ajabu, lakini ulimwengu mzima umelizoea.) Kipenyo cha tairi zima basi ni 406 jumlisha mara mbili ya 102.5, yaani milimita 611. Nambari 87 humaanisha kwamba tairi moja huweza kubeba kilo 545, na herufi V humaanisha kwamba limepimwa kwa mwendo wa hadi kilomita 240 kwa saa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili ana hesabu ya kutosha kuyaelewa hayo yote. Na akisha kuyaelewa, anaweza kutoa hukumu juu ya mambo matatu ambayo mwenye gari hushauriwa na marafiki.

Ushauri wa kwanza ni kupanda rimu, yaani kuweka inchi 17 pamoja na tairi la 215/40R17. Kipenyo chake ni milimita 604, karibu sawa na lile la zamani. Kwa hiyo mita ya mwendo haitadanganya sana. Ubavu mfupi haupindi kwa urahisi, na gari huitikia usukani upesi zaidi. Hilo ni kweli, nalo ni faida katika barabara laini. Lakini ubavu wa tairi ni springi ya kwanza ya gari, na hapa springi hiyo imepunguzwa kutoka milimita 102 hadi 86. Gurudumu likitumbukia shimoni, ukingo wa shimo hulisukuma tairi kuelekea rimu. Ikiwa ubavu ni mfupi, nafasi ya kubonyea huisha mapema, na mpira hubanwa baina ya jiwe na chuma kama kidole kilichobanwa mlangoni. Nyuzi hukatika ndani ilhali mpira wa nje huonekana mzima. Baada ya siku chache hutokea kivimbe ubavuni. Tairi lenye kivimbe halizibwi, limekwisha.

Ushauri wa pili ni kuliinua gari kwa tairi nene juu ya rimu ile ile, kwa mfano 205/60R16. Kipenyo huwa milimita 652. Gari hupanda kwa nusu ya tofauti ya vipenyo, yaani milimita 20 hivi, nazo milimita hizo zina thamani katika njia zenye mawe. Gharama yake haionekani dukani. Gurudumu lililokuwa likisafiri mita 1.92 kwa kila mzunguko sasa husafiri mita 2.05, kwa hiyo mita ya mwendo ikionyesha 80, mwendo wenyewe ni kilomita 85 kwa saa. Zaidi ya hayo, gurudumu ni wenzo: nguvu ile ile ya kuzungusha inayotoka kwenye injini, ikigawanywa kwa nusu kipenyo kikubwa zaidi, hutoa kani ndogo zaidi pale tairi linapogusa ardhi. Upungufu ni asilimia 6. Jambo hili ni zito kwa Ufipa, kwa sababu katika kimo cha mita 1,800 hewa ina uzito wa kiasi cha asilimia 84 tu ya ile ya pwani, na injini isiyo na tabo huwa imekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake kabla hata ya tairi kubadilishwa.

Upungufu huo huo hurudi tena kwenye mteremko. Gari la kilo 1,400 pamoja na abiria, likishuka mita 1,000 kutoka uwandani hadi bondeni, hutoa nishati ya joto ya megajuli 13.7, kiasi kinachoweza kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji yaliyokuwa na nyuzijoto 20. Joto hilo lazima liende mahali. Dereva mwema huweka gia ndogo ili injini ichukue sehemu kubwa. Linalobaki huingia katika diski za breki. Tairi kubwa huidhoofisha injini katika kazi ya kuzuia kwa asilimia zile zile, na huzidhoofisha breki vile vile, kwa kuwa breki nazo huvuta gurudumu kwa wenzo mrefu kuliko ule waliokusudia waliolitengeneza gari.

Ushauri wa tatu hausikiki mara nyingi, nao ndio unaofaa: kushuka rimu. Tairi la 195/60R15 lina kipenyo cha milimita 615, tofauti isiyofika asilimia moja na lile la asili. Ubavu wake ni milimita 117, yaani springi ndefu kuliko ile ya tairi la asili, bila mita ya mwendo wala gia kuharibiwa. Kwa kawaida hubeba daraja la 88, ambalo ni kilo 560, kwa hiyo uwezo wa mzigo haukupungua. Herufi yake mara nyingi ni H, kilomita 210 kwa saa. Ni chini ya V, lakini hakuna mahali baina ya Tunduma na Kasanga ambapo mtu mwenye akili timamu atahitaji zaidi. Sharti ni moja. Kalipa za breki za baadhi ya magari ya spoti ni kubwa, na rimu ya inchi 15 huweza kuzigusa. Kabla ya kununua tairi, rimu tupu huvalishwa na kuzungushwa kwa mkono. Pasipokuwa na nafasi ya angalau milimita 3 baina yake na kalipa, rimu hiyo haifai.

Huenda msomaji akauliza kama wembamba wa milimita 195 hautapunguza mshiko. Eneo la mguso hutegemea zaidi uzito na upepo kuliko upana. Gurudumu linalobeba nyutoni 3,000 kwa kanieneo ya kilopaskali 220 huikalia ardhi kwa kiasi cha sentimita za mraba 136, kama kiganja cha mkono na vidole vyake. Tairi pana hulibadili umbo eneo hilo, likawa fupi na pana, halilikuzi sana. Mshiko katika matope ya Januari huletwa na mifereji ya tairi, na mifereji iliyobaki na kina cha milimita 3 imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuyatoa maji na matope.

Manne kwa pamoja

Impreza huvuta kwa magurudumu yote manne. Baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna difu ya kati, na katika magari mengi ya gia za mkono difu hiyo hudhibitiwa na mafuta mazito yanayopinga tofauti ya mzunguko. Sasa mwenye gari ananunua matairi mawili tu, kwa kuwa fedha ni chache, akayaweka mbele. Nyuma yanabaki mawili yaliyolika milimita 5. Kwa kila kilomita, magurudumu ya mbele huzunguka mara 521 na ya nyuma mara 529. Mizunguko minane ni kitu kidogo kwa kona moja. Kutoka Sumbawanga hadi Tunduma huwa zaidi ya 1,700, na difu huilipa yote kwa joto. Basi matairi manne hununuliwa pamoja, ya ukubwa mmoja na aina moja, na huhamishwa mbele na nyuma kila baada ya kilomita elfu kadhaa ili yalike sawa.

Umri wa tairi nao umeandikwa. Mwishoni mwa mstari unaoanza kwa herufi DOT kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. 3218 ni wiki ya 32 ya mwaka 2018. Utaratibu huu ulianza mwaka 2000. Tairi lenye tarakimu tatu tu lilitengenezwa kabla ya hapo na halifai hata kwa bembea ya watoto. Matairi yaliyotumika ng'ambo huuzwa yakiwa na mifereji mirefu, na mnunuzi hudhani amepata bahati. Mpira huzeeka hata usipotembea. Hewa na jua huufanya mgumu na kuutia nyufa nyembamba, na mionzi ya jua inayounguza huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kimo.

Rimu inapokutana na habu

Rimu ya Impreza ina matundu matano katika duara lenye kipenyo cha milimita 100. Toyota kadhaa za ukubwa wa kati zina duara hilo hilo, na hapo ndipo wengi hunaswa. Tundu la katikati la rimu ya Toyota ya aina hiyo ni milimita 54, na kichwa cha habu ya Subaru ni milimita 56. Rimu haikai. Fundi mwenye haraka huikaza kwa nguvu ya nati hadi iingie kwa upogo. Gurudumu hutikisika kuanzia kilomita ya kwanza. Kinyume chake, rimu ya Subaru huingia katika habu ya Toyota ikiwa imelegea milimita moja kila upande, na huhitaji pete ya kuijaza nafasi hiyo. Ama duara la milimita 114.3, ambalo Toyota Altezza na magari mengine mengi hulitumia, halina urafiki wowote na lile la 100, na kutoboa matundu mapya ni kuudhoofisha mfupa wa rimu.

Kipimo kingine ni umbali kutoka uso wa rimu unaoegemea habu hadi mstari wa katikati ya upana wake. Kwa Impreza ni zaidi ya milimita 50. Rimu yenye 35 hulitoa gurudumu nje kwa zaidi ya sentimita moja na nusu. Gari huonekana limesimama kwa ushujaa, na vijana hupenda hivyo. Lakini uzito sasa huzielemea beringi kwa wenzo mrefu zaidi, tairi hukwaruza madigadi, na kila tuta la barabara ya vumbi huupiga usukani mikononi mwa dereva.

Kuhusu madini yenyewe, Ufipa ina haki ya kusema. Hii ni nchi ya wahunzi, ambao hadi mwanzoni mwa karne ya 20 waliyeyusha chuma katika matanuu marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyovuta hewa yenyewe bila kuvuviwa. Mfua chuma huyo angeielewa rimu ya chuma mara moja: ikipinda, hugongwa ikanyooka. Rimu ya alumini ni nyepesi na hupendeza, lakini ugumu wake mara nyingi umetokana na kuchomwa na kupozwa kiwandani kwa vipimo. Ikipashwa moto wa gesi ili inyooshwe, ugumu huo hupotea mahali palipopashwa, na hakuna jicho linaloweza kuona. Kwa njia za bondeni, rimu ya chuma ya inchi 15 haina aibu yoyote.

Nati

Watu wengi hudhani gari huning'inia juu ya bolti. Sivyo. Nati zikikazwa hubana rimu na habu, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaolibeba gari. Bolti ya milimita 12 ikikazwa kwa nyutoni-mita 100 hubana kwa kani ya nyutoni 40,000 hivi, sawa na uzito wa tani nne. Bolti tano hufanya tani 20. Kutu, rangi nene au udongo mwekundu ukibaki baina ya nyuso hizo husagika njiani, mbano hupungua, na nati hulegea bila mtu kuigusa. Basi nyuso husuguliwa kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, nati hukazwa kwa kurukia, moja kisha ya upande wa pili, na hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Anayeelekea Tunduma hana budi kusimama Laela na spana yake.

Kukaza kupita kiasi ni kosa vile vile. Mtu akisukuma kwa nyutoni 400 mwishoni mwa spana ya sentimita 25, amepata nyutoni-mita 100 kamili. Fundi wa kilo 70 akisimama juu ya bomba la sentimita 50, amepata karibu 350, na bolti huvutika kama waya isirudi tena. Nati nazo hazibadilishwi ovyo: za Subaru na za Toyota zote ni za milimita 12, lakini hatua ya uzi ni milimita 1.25 kwa moja na 1.5 kwa nyingine. Nati ngeni huingia mizunguko miwili, kisha hukwama. Anayeilazimisha huukata uzi wa bolti.

Upepo

Jambo la mwisho ni hili ambalo mwalimu wa fizikia anaweza kulifanyia somo zima. Kipima upepo hakipimi kanieneo yote iliyomo ndani ya tairi. Hupima ziada yake juu ya kanieneo ya angahewa. Pwani angahewa ina kilopaskali 101, Sumbawanga kiasi cha 82, na bonde la Rukwa kiasi cha 92. Tairi likijazwa kilopaskali 220 (mafundi husema 32) Dar es Salaam katika nyuzijoto 30, ndani yake mna jumla ya 321. Likipimwa Sumbawanga alfajiri ya Julai, katika nyuzijoto 10, baridi imeishusha jumla hiyo hadi 300, na kipima upepo, kikiondoa 82, husoma 218. Mambo mawili yamefutana, na dereva huapa kwamba hakuna kilichobadilika.

Bondeni hayafutani. Tairi lililojazwa 220 Muze mchana, katika nyuzijoto 32, likipandishwa uwandani na kulala katika nyuzijoto 8, hupungua hadi 205. Na lililojazwa 220 Sumbawanga alfajiri husoma 233 likisimama Muze kivulini, kabla ya kuongezewa joto la mwendo. Wapo wanaoshtuka na kulitoa upepo pale pale. Wakirudi juu usiku, tairi limelegea, ubavu wake hupinda kwa kila mzunguko, na mpira hujichemsha wenyewe hadi nyuzi zikaachana. Kipimo kinachofaa huchukuliwa asubuhi, gari likiwa limelala saa kadhaa, mahali lilipolala; ziada ya mchana bondeni huachwa kama ilivyo.